Kufundisha Mvinyo kwa Chupa Tupu

Wenzangu mliobaki na chaki, siku ya kuniaga mlinipa kitenge, beseni na maneno mazuri, kisha mmoja wenu akanivuta pembeni akaniuliza, "Madam, lile somo la mvinyo ulikuwa unalifundishaje, na hapa Ifakara mvinyo wenyewe hakuna?" Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu wali ulikuwa unapoa. Jibu refu ndilo hili. Habari za vyeo na mishahara nimeziacha. Vyeo vyangu vilikuwa vidogo, na mishahara mnaijua.

Kazi sikuianzia chuoni. Niliianzia Dar es Salaam, kwenye hoteli moja ya karibu na bandari, nikiwa msichana niliyetoka kwa wazazi wakulima, Wapogoro walioshuka kutoka Mahenge kufuata mashamba ya mpunga. Nilipanda treni stesheni ya Ifakara na ndoo ya mchele, kwa sababu mama aliamini mjini hakuna chakula. Siku za mwanzo nilipiga deki ngazi. Kisha mhudumu mmoja akaugua, wakanitoa kwenye deki wakanipeleka chumba cha chakula, na huko nikamkuta Mzee Severini.

Mzee Severini alikuwa mkuu wa wahudumu. Ujana wake aliumaliza melini, akihudumia meza za maofisa, na alikuwa amefika bandari za Ufaransa mara nyingi kuliko alivyofika kwao Songea. Nilimwamkia shikamoo, akaitika bila kuinua macho, kisha akanipa chupa na kizibuo.

"Umeshawahi kufungua mvinyo?"

"Hapana, mzee. Kwetu tunaijua divai ya misa, na hiyo anaifungua padre."

"Basi leo wewe ndiye padre."

Nusu ya kizibo ilitoka, nusu ikabaki shingoni mwa chupa. Yeye hakugomba. Alichukua chujio la chai, akamimina mvinyo taratibu, akasema, "Mbaya zaidi ni kwamba umeikaba shingo kama kuku. Ishike tumboni, mgeni aone lebo. Hiyo lebo ndiyo inayokuambia kwao wapi."

Hayo ndiyo yalikuwa masomo yangu. Alasiri, wageni wakiwa wamelala, alipanga chupa mezani akaniuliza moja moja. Nilishangaa kwamba chupa za Ufaransa nyingi hazikutaja zabibu. Ziliandika Bordeaux, ziliandika Burgundy, au ziliandika kijiji ambacho hata yeye alikitamka kwa uangalifu. Chupa za Afrika Kusini, Chile na Australia ziliandika jina la zabibu kwa herufi kubwa.

"Kwa nini wasiandike wote sawasawa?" nilimuuliza.

"Mfaransa anaamini dunia nzima inakijua kijiji chake, na anaamini shamba ndilo linalotengeneza mvinyo. Hawa wengine walichukua zabibu za Mfaransa wakaenda nazo mbali, kwenye vijiji visivyojulikana. Ungekuwa wewe ungeandika nini? Ungeandika jina la zabibu, mtu aone kitu anachokijua."

Nikamuuliza walizichukuaje, kama ni mbegu. Akasema mzabibu ukiuotesha kwa mbegu unapata mtoto asiyefanana na mama, kwa hiyo watu husafiri na vijiti. "Kama muhogo," nikasema. Aliniangalia kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye akili. "Ndiyo. Kama muhogo."

Nilikaa naye miaka, hadi mama alipozidiwa na miguu nikarudi nyumbani kumwuguza. Mama alipona nusu, na mimi nikabaki moja kwa moja. Wakati huo chuo chetu kilikuwa kinaanzisha kozi ya hoteli, kwa sababu kambi za watalii za upande wa milimani zilikuwa zinatafuta vijana. Nikaomba, nikapata, nikakabidhiwa mtaala. Katikati ya mtaala paliandikwa kwamba mwanafunzi ajue mitindo mikuu ya mvinyo wa Ufaransa na jinsi zabibu zake zilivyoenea duniani. Nilikwenda stoo kuangalia vifaa. Palikuwa na kizibuo kimoja cha mpini wa mbao.

Chupa nilizipata kwa wapishi wa kambi za watalii. Nilizifuata mwenyewe, nikazirudisha na basi ndani ya magunia ya mchele, zikigongana kila barabara ilipoharibika, na enzi hizo iliharibika mahali pengi. Abiria walinitazama wakatazamana. Nilipofika nyumbani mama aliusikia ule mlio, akasema, "Mwanangu, ungeniambia tu kama umeanza kunywa." Ukweli ni kwamba ndani hamkuwa na kitu. Mvinyo mwekundu tuliutengeneza kwa juisi ya choya. Mweupe ulikuwa chai iliyozimuliwa. Shampeni ilikuwa soda ya ndimu. Mwanafunzi mmoja aliitikisa kabla ya kufungua, na lile doa la darini ambalo mkaguzi wa majengo huwa analiuliza kila anapokuja ni lake.

Kumimina walijifunza haraka. Kazi ilikuwa kuwafundisha safari ya zabibu, maana walikariri majina kama dua ya lugha ya kigeni wakayasahau wakitoka mlangoni. Siku moja nilisogeza meza, nikachora dunia sakafuni kwa chaki, nikauliza darasa zima, "Nani hapa babu yake alizaliwa Ifakara?"

Mikono ilikuwa michache, ya Wandamba, wenyeji wa bonde. Nikamgeukia kijana wa Kisukuma kutoka Mlimba, jina lake Masanja.

"Ninyi mlitoka wapi?"

"Shinyanga, madam. Babu alikuja na ng'ombe."

"Na Kisukuma chenu ni kile kile cha Shinyanga?"

Akacheka. "Tukienda kule, mashangazi wanatucheka sisi. Wanasema tunaongea kama Wapogoro."

"Basi wewe ni Syrah. Simama hapa."

Nikamsimamisha Ufaransa, kusini, kando ya mto Rhône, kisha nikamtembeza hadi Australia, ambako jua ni kali zaidi. Alipofika nikamwambia kuwa huku jina lake ni Shiraz. Zabibu ni ile ile, ila mvinyo wake umekuwa mzito, wenye utamu wa tunda lililoiva sana. Msichana mwingine akawa Malbec. Kwao ni kusini-magharibi ya Ufaransa, na kwao hawakumtukuza sana. Akavuka hadi Argentina, akapanda miinuko ya milima, na huko akawa ndiye fahari ya nchi. "Kama mjomba wangu," alisema yule msichana. "Hapa walimwita mvivu, sasa ana duka Makambako." Chenin tulimtoa bonde la mto Loire, tukamshusha Rasi ya Tumaini Jema, ambako kwa vizazi vingi walimwita Steen wakasahau kabisa kuwa ni yeye. Kutoka huko tukampandisha hadi Dodoma. Darasa lilishangaa hapo. Walijua Dodoma kuna zabibu. Hawakujua zina ukoo.

Niliwaeleza pia habari ya kile kidudu, kidogo kama chawa, kilichotoka Amerika kikaingia Ufaransa kikala mizizi ya mizabibu hadi mashamba yakawa kuni. Dawa ilitoka huko huko kilikotoka kidudu. Walichukua mashina ya Amerika ambayo kidudu hakiyawezi, wakayabebesha vijiti vya Ufaransa, kama michungwa yetu ya kubebesha. Kwa hiyo Bordeaux yenyewe, pamoja na majivuno yake, inasimama kwa miguu ya kuazima. Tangu siku ile sikuandika tena majina ubaoni na kuwaambia wanakili, na ninyi nawashauri msifanye hivyo. Watembezeni.

Sasa nifike kwa Zainabu, maana ndiye kesi ngumu kuliko zote.

Zainabu alikuwa binti wa Mzee Shabani, mfanyabiashara wa karibu na soko anayeuza mchele na viungo. Babu zao ni watu wa Pwani waliokuja na biashara. Alikuwa msichana mtaratibu wa kusema, mwenye mtandio uliopigwa pasi kila siku. Mimi nilikuwa na makopo ya kunusia, kwa sababu mhudumu hawezi kumweleza mgeni mvinyo kama hana maneno ya harufu. Niliweka pilipili manga, karafuu, mdalasini, ganda la ndimu, tumbaku, kipande cha ngozi, pera lililoiva. Tulifunga macho kwa kitambaa, kila mtu akanusa kwa zamu. Wengi walipata tumbaku na ndimu. Zainabu alipata yote, na kwenye kopo moja akaongeza, "Hii karafuu ni ya zamani, madam. Imekaa."

Nilikuwa nimeinunua dukani kwa baba yake. Sikumwambia.

Haukupita muda, mtu akampelekea Mzee Shabani habari kwamba binti yake anasomea pombe. Alikuja asubuhi, kanzu nyeupe, kofia, hasira yake ameikunja vizuri. Niliitwa ofisini kwa mkuu wa chuo.

"Mwalimu," alianza, "mimi nilimleta mwanangu ajifunze kupika na kupokea wageni. Sikumleta ajifunze ulevi."

"Hajaonja hata tone, Mzee Shabani. Hakuna anayeonja. Chupa zetu zina chai."

"Chai?"

"Chai na choya."

Akamgeukia mkuu wa chuo. Mkuu, mtu mwema asiyependa mgogoro kabla ya chai ya saa nne, alisema, "Mimi naona hii mada tuiondoe kabisa. Nani hapa Ifakara anakunywa Bordeaux?"

Mada hiyo ikiondolewa, kozi nzima ingepungua nguvu. Kambi moja kubwa ilikuwa imekwisha kutuambia kwamba haitachukua vijana wasiojua meza ya mvinyo, na vijana wetu wa mwanzo walikuwa wamerudi nyumbani na vyeti vyao wakalima. Na Zainabu akitolewa darasani, cheti asingekipata, kwa kuwa mada ilikuwa ya lazima. Nilimtazama Mzee Shabani nikaona si mtu wa kubishana naye. Ni mtu wa kuonyeshwa.

"Mzee, kabla hujaamua, njoo ukae darasani siku moja. Usiponielewa, mwenyewe nitamsindikiza Zainabu nyumbani."

Alifikiri, akasema, "Nitakuja kesho."

Alikuja kweli, akakaa nyuma kabisa, kofia magotini. Wanafunzi walikaa wima kama wako mbele ya askofu. Zainabu hakugeuka hata mara moja. Somo la siku hiyo lilikuwa Shampeni, na sikulibadilisha.

Niliwaeleza kuwa Champagne ni mahali, mkoa wa Ufaransa wenye baridi na udongo wa chokaa, na kwamba mvinyo wake wa mapovu ulipopata sifa, watu wa nchi nyingi walianza kutengeneza wa kwao na kuuandika jina hilo hilo. Wenye mkoa wakakataa. Walidai kwa miaka mingi, kwa serikali yao na kwa mahakama za wengine, hadi sehemu kubwa ya dunia ikakubali. Leo Mhispania anatengeneza kwa njia ile ile lakini anatumia jina lake, na Mwafrika Kusini lake. Ufundi unaruhusiwa kusafiri, na zabibu zinaruhusiwa kusafiri. Jina la mahali linabaki kwao.

Mzee Shabani alinyoosha mkono. Darasa zima likageuka.

"Mwalimu, hao waliodai jina lao, walipoanza walikuwa matajiri?"

"Wengine walikuwa wakulima tu, mzee, wenye vishamba vidogo. Walijiunga."

Alisimama. Nadhani hakukusudia kusimama. "Mimi nanunua mpunga Mbingu," alisema. "Naukoboa hapa Ifakara. Wanakuja wanunuzi na magunia yao wenyewe, yameshapigwa chapa ya Kyela. Mpunga unapandwa Mbingu, unakobolewa Ifakara, ukifika Dar umezaliwa Kyela."

Darasa lilicheka. Yeye hakucheka.

"Siwalalamikii watu wa Kyela. Wao jina lao wamelitunza. Sisi la kwetu tumeliacha barabarani, kila mtu analikanyaga." Akakaa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Endelea, mwalimu."

Baada ya kipindi tulisimama watatu kwenye korido, mimi, yeye na binti yake. Alisema ameelewa kwamba hapa ni elimu, ila mambo mawili yanamkaa moyoni, kuonja na kumpelekea mtu glasi.

"Kuonja sitaonja, baba," Zainabu alisema. "Na kazi ya kupeleka glasi sitaichukua. Hoteli ina kazi nyingi. Lakini nataka kujua. Sitaki mtu aniambie sikuweza, wakati sikujaribu."

"Basi nusa," mzee alisema. "Usionje."

Nilidhani tumemaliza. Nilikuwa nimesahau mtihani wa vitendo, ambao husimamiwa na mtu wa nje. Safari ile alikuja mama mmoja kutoka Dar es Salaam, mpole wa sauti na mkali wa kalamu, na alikuja na mvinyo wa kweli ndani ya boksi la barafu. Ulikuwa mvinyo wa kwanza kuingia darasani kwangu. Nilimweleza habari ya Zainabu. Akasema mwongozo unataka mwanafunzi aonje na ateme, hakuna anayelazimishwa kumeza. Nikamwambia kwa binti huyu kuonja na kumeza ni mlango mmoja. Akasema atalitazama.

Zamu ya Zainabu ilipofika aliingia, akamwamkia, akabaki amesimama.

"Mama, mimi sionji. Naomba nitazame na ninuse. Nisipojua, uniandikie kwamba sijui."

Mtahini alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa khanga, akaivaa tena. "Nusa basi. Lakini sitakuhurumia."

"Ahsante, mama."

Mbele yake palikuwa na glasi tatu. Ya kwanza ilikuwa nyeupe. Aliiinamisha juu ya kitambaa cheupe, akatazama rangi, akasogeza pua. Alisema anasikia pera, anasikia asali kwa mbali, na kitu kama majani mabichi. "Nadhani ni Chenin. Kama ni wa Rasi au wa Dodoma, sijui." Mtahini akaandika. Ya pili ilikuwa nyekundu ya kuelekea nyeusi, na Zainabu hakukaa nayo sana. "Pilipili manga," alisema. "Ni Syrah."

"Kwa nini usiseme Shiraz?"

"Naweza kusema, mama. Ni mtu mmoja. Jina linategemea umemkuta wapi."

Niliinamia meza yangu nikajifanya natafuta chaki.

Ya tatu ilimchukua muda. Aliinusa, akaiweka, akainusa tena. Akasema ni tunda jekundu lililoiva, kuna kitu kama pilipili hoho mbichi, ni laini. Akasema ni Merlot.

"Sivyo," mtahini alisema. "Ni Carménère, wa Chile."

Zainabu alishusha macho. Mimi pia nilishusha yangu, kwa kuwa jina hilo nilikuwa silijui. Halikuwemo kwenye mtaala, na Mzee Severini hakuwahi kulitaja.

Mtahini akaweka kalamu chini. "Usihuzunike. Hii nayo ni zabibu ya Bordeaux. Ilipelekwa Chile zamani ikiwa imechanganyika na vijiti vya Merlot. Kile kidudu kilipomaliza mashamba Ufaransa, kwao ikapotea kabisa, watu wakaihesabu imekufa. Kumbe ilikuwa hai Chile, inavunwa na kuuzwa kwa jina la Merlot zaidi ya miaka mia, hadi mtaalamu mmoja alipolitazama jani vizuri. Wenyewe walikosea kwa muda wote huo. Wewe umekosea asubuhi moja."

Nilipotoka nje nilimkuta Mzee Shabani getini, amekaa kwenye pikipiki iliyozimwa. Sijui alifika saa ngapi.

"Imekuwaje, mwalimu?"

"Amekosea moja."

"Na amebaki na dini yake?"

"Amebaki nayo yote."

Aliwasha pikipiki, akaizima, akaiwasha tena. "Basi hiyo moja si kitu," akasema.

Jioni ile nilimpigia simu Mzee Severini, ambaye alikuwa amekwisha kustaafu, nikamweleza habari ya Carménère. Akasema, "Kumbe. Mimi yule bwana nimemhudumia mezani miaka na miaka, namwita kwa jina la mwenzake." Alicheka hadi akakohoa. Alifariki mwaka uliofuata, na mimi nafurahi kwamba jambo la mwisho nililomwambia lilikuwa jipya kwake.

Mada haikuondolewa. Kambi ile iliyotukataa ilichukua wawili katika darasa lile, Masanja akiwa mmoja wao, na tangu hapo haikuacha kuchukua. Zainabu aliajiriwa hoteli moja Dodoma, mapokezi kwanza, kisha akawa mnunuzi wa vyakula, kazi inayotaka pua kuliko mnavyodhani. Mzee Shabani alichapisha magunia yake mwenyewe, maandishi ya kijani: Mchele wa Mbingu, Kilombero. Msimu wa kwanza wanunuzi waliyatazama magunia hayo kama mtu aliyevaa nguo ya ndani juu ya suruali. Mchele ulilala stoo. Nilipopita dukani nilimkuta amekaa mbele yake, ametulia.

"Hao wa Champagne," aliniuliza, "walikaa muda gani?"

"Mrefu, mzee."

"Basi bado mapema."

Msimu uliofuata aliwakusanya wakulima wa Mbingu, wakakubaliana kutochanganya mbegu. Hoteli ya Zainabu ikajaribu gunia, ikaagiza mengine, na mama lishe wa Dodoma wakaanza kuulizia ule wa maandishi ya kijani. Si kwamba umeshika nchi. Lakini unaondoka na jina lake na unafika nalo.

Niliwafundisha watu mizabibu hadi nywele zikageuka, na sasa nawaambia jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: sikuwa nimewahi kuuona mmoja. Bonde letu lina maji mengi na joto la mvuke, mzabibu ungeoza majani kabla haujaamua kuishi. Nilipostaafu Zainabu alijua hilo, sijui aliambiwa na nani, akapiga simu. "Madam, baba anapeleka mzigo Dodoma. Panda naye."

Zainabu alitupokea, akatupeleka nje ya mji kwa mkulima mmoja, Mama Nyemo, Mgogo wa makamo ambaye hoteli hununua zabibu kwake. Ardhi ilikuwa nyekundu na kavu. Upande mmoja walikuwa wamevuna na wanapogoa, upande wa pili vishada vilikuwa bado vinaning'inia, rangi ya kijani iliyoanza kuingia manjano. Nilisimama mbele ya mti wa kwanza nikaushika. Ni mnene kifundoni, umepinda kama mkono wa mzee, na gome lake linabanduka. Hakuna chupa iliyowahi kunieleza hivyo.

"Huu ni Chenin?" niliuliza.

"Hiyo nyeupe ndiyo shenini, ndiyo."

"Ulitoka wapi?" Ni tabia ya walimu kuuliza swali wanalojua jibu lake.

Mama Nyemo aliniangalia kwa huruma. "Utoke wapi tena, dada? Huu ni wa hapa hapa. Bibi yangu aliukuta, na mimi nimeukuta."

Zainabu aligeuka kuniangalia. Alikuwa anangoja niinue chaki. Nilifungua mdomo nimtoe Loire, nimshushe Rasi, nimpandishe. Kisha nikautazama ule mti, jinsi ulivyokaa kwenye ardhi ile bila wasiwasi, na yule mama aliyeutia mbolea tangu utotoni.

"Ni kweli," nilisema. "Ni wa hapa."

Alikata kishada akatukabidhi. Mzee Shabani alikigeuza mkononi. "Hii ni tunda tu?"

"Ni tunda, baba. Bado haijamkosea mtu."

Akasema bismillahi, akala moja, akatikisa kichwa, akala ya pili. Zainabu alichukua yake. Miaka yote ile, hata alipoinunulia hoteli kwa makreti bila kuitia mdomoni, alikuwa ameijua kwa pua peke yake. Aliinusa kwanza, kwa mazoea, akafumba macho, akaiweka mdomoni. Mimi nikasubiri kama mtahini.

Alitafuna, akaacha, akatafuna tena. Akafumbua macho.

"Ina mbegu," alisema.

Zabibu alizokulia nazo ni zile kavu za dukani kwao, za pilau, laini tupu. Nikamwambia ndiyo, zina mbegu.

"Hilo hukutufundisha, madam."

Nilicheka hadi nikashika mti. Basi wenzangu, somo ni lenu sasa, pamoja na chupa na makopo, na kile kizibuo kiko droo ya juu. Liongezeni hilo.